Mzigo kwa Jina la Zein

Kifaa cha Mwanaesha kilikufa Jumatano, baina ya adhuhuri na alasiri, nyanya yake akiwa jikoni akikata maembe ya achari. Hakikulia wala hakikutoa moshi. Uzi wake mwembamba, ule unaotoka sikioni na kwenda kwenye kidude cha duara kinachonata nyuma ya kichwa kwa sumaku, ulikatika ndani kwa ndani, na mtoto wa miaka minane aliyekuwa akiimba uani akanyamaza katikati ya neno. Akaingia jikoni, akavuta kanga ya nyanya yake na kuuliza, kwa ile sauti inayopanda na kushuka anapokuwa hajisikii mwenyewe:

"Nyanya, mbona mumezima?"

"Tumezima nini?"

Mtoto alikuwa akitazama midomo.

Bi Ruweida alinawa pilipili mikononi, akabadilisha betri, akapangusa, akapuliza, akasoma Fatiha. Wapi! Bila kile kidude Mwanaesha hasikii hata sufuria ikianguka kisogoni pake. Madaktari wa India walikuwa wamempasua na kumtilia masikio ya ndani, nao mji mzima ulichanga; lakini maneno aliyatia nyanya yake, kitendawili baada ya kitendawili, kila siku baada ya magharibi, wawili hao wameketi kwenye ngazi ya mlango. Mtoto alijua "tega" kabla hajajua "maji."

Jioni hiyo Bi Ruweida aliketi pale pale akasema kwa mazoea, "Kitendawili!" Aliyemwitikia ni jirani wa dirisha la pili, kwa mzaha. Mwanaesha alikuwa amekishika kile kidude kibovu, akikinatisha na kukibandua kwenye kifuniko cha kopo la sukari, akinatisha na kubandua. Hatimaye akakiacha pale pale kwenye kopo, akaenda kulala bila ya kuambiwa.

*

Khubaib, babake mtoto, aliuza taa na nyaya katika duka la mtu huko Biashara Street. Aliporudi alipiga simu Nairobi kwa wenye kuuza vifaa hivyo. Mwanamke mwenye sauti nzuri alimwambia elfu sitini na nane, na si chini ya wiki sita. Khubaib akamshukuru, kwani alilelewa kushukuru, akakata simu akaitazama kama imemuuma. Mshahara wake ni elfu ishirini na mbili.

"Tafuta humo humo simuni mwenu," mamake akamwambia. "Si kila siku mwanunua humo viatu?"

Akatafuta. Kwenye soko moja la mtandaoni, muuzaji wa Uingereza alikuwa nacho, kidude na uzi wake, elfu tisa na mia nne. Bi Ruweida alisema alhamdulillahi mara tatu. Pesa hiyo ilikuwepo. Ilikuwa ya kuziba paa, lakini mvua ingengoja. Khubaib akabonyeza kununua.

"Bidhaa hii haipelekwi mahali ulipo," akasoma.

"Nani kasema?"

"Simu, mama."

"Simu yajuaje nilipo?"

"Yajua."

"Basi kama yajua nilipo, na iambiwe kuwa pana mtoto hasikii. Iandikie."

"Haiandikiwi, mama. Ni mambo ya matibabu, na kile kina sumaku. Vitu kama hivyo hawaleti huku."

"Huku n'wapi? Huku hatuna vichwa?" Bi Ruweida akavuta kiti. "Hebu jaribu kitu kingine. Chochote."

Khubaib akapapasa kioo kwa kidole. "Kofia ya paka. Hii yaja. Siku kumi na nne, nauli bure."

"Kofia ya nani?"

"Ya paka. Paka avaa."

Bi Ruweida aliwatazama paka watatu waliolala uani pake, wasio na haja ya kofia wala ya koti, akavuta pumzi ndefu. "Kofia ya paka yaja Mombasa. Sikio la mtoto haliji. Subhanallah! Na aliyekaa akapanga hivyo yuwala chakula chake ashiba, yuwalala."

*

Kesho yake mfanyakazi mwenzake Khubaib alimpa njia. Kulikuwa na kampuni ya mizigo yenye godauni Uingereza na godauni jingine Shimanzi, karibu na bandari. Unanunua kana kwamba wewe ni mtu wa Uingereza, muuzaji anapeleka kwenye godauni la huko, nao wanakuletea kwa ndege. Watu wote wafanya hivyo. Wigi zote za mji huu zapita huko.

Fomu ya kampuni ilijazwa kwenye simu, mama na mwana wakiwa mezani.

"Wataka jina la mpokeaji," Khubaib akasema.

"Andika la babako."

"La baba?"

"Kwani la nani? Bili ya maji ya nyumba hii yaja kwa nani? Sanduku la posta la nani? Shangazi yako akileta mzigo kutoka Maskati huandika nani?"

Khubaib hakubisha. Zein alikuwa amekufa mwaka wa nne huo, lakini katika Mji wa Kale nyumba haina nambari, ina mwenyewe, na mwenyewe akifa jina hubaki mlangoni kama komeo. Urithi haujagawanywa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda posta kusema mfute. Muuza maziwa bado huuliza, "Kwa Zein leo mwataka ngapi?" Basi Khubaib akaandika: Zein Khubaib Zein. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na wote wawili waliona wamefanya jambo la heshima.

*

Ijumaa mamake Mwanaesha alipiga simu kutoka Doha, anakofanya kazi kwenye nyumba ya watu. Hupewa nusu saa kila Ijumaa. Mtoto aliipokea simu akaitia sikioni, akatikisa kichwa, akatabasamu pale alipodhani panafaa kutabasamu, akasema "Na mimi pia, mama," kisha akairudisha. Bi Ruweida aliichukua akadanganya kuwa mtandao ni mbovu. Baadaye alikwenda bafuni akafungua maji ili asisikiwe akilia, akakumbuka kuwa anayemficha hasikii, akayafunga.

Wiki ya pili aliitwa shule. Mwalimu Awiti, msichana wa Kisumu aliyempenda Mwanaesha kuliko inavyotakiwa na kazi, alimtolea kiti akampa barua ya mwalimu mkuu.

"Nyanyake Mwanaesha, si mimi niliyeiandika."

"Nisomee tu, mwanangu. Miwani n'meiacha."

Hakuwa ameiacha. Hakutaka kuisoma mwenyewe. Barua ilisema kuwa shule haina mwalimu wa watoto wasiosikia. Kwamba mtoto anakaa darasani bila ya kupata chochote. Na kwamba ikiwa hatakuwa na kifaa ifikapo Jumatatu ya tarehe kumi na saba, nafasi yake itapewa mtoto mwingine, naye atapelekwa shule ya bweni ya viziwi, bara.

"Si shule mbaya," Mwalimu Awiti akasema taratibu. "Binamu yangu alisoma huko. Ana kazi nzuri sasa."

"Sikusema ni mbaya. N'nasema ni mbali. Na huyu ana masikio, mwalimu. Yamefungiwa ndani ya ndege tu."

*

Jumamosi ya tarehe nane ujumbe uliingia. Khubaib aliusoma kwa sauti: "Ndugu Zein, mzigo wako umefika Shimanzi. Karibu uuchukue." Ilikuwa miaka minne tangu mtu amwambie Zein karibu.

Jumatatu asubuhi Bi Ruweida alivaa buibui lake la kutokea akapanda tuktuk hadi Shimanzi. Malori yalikuwa yamebana barabara, na vumbi la klinka ya saruji lilikuwa limekaa juu ya kila kitu. Ofisi ilikuwa mbele ya godauni: kaunta ya kioo, feni moja, benchi mbili, na foleni iliyofika nje. Aliposimama mbele ya kaunta baada ya saa moja na nusu, alimkuta kijana nadhifu aliyevaa kitambulisho shingoni: Dancan.

"Assalaam alaykum. Umeamkaje, mwanangu?"

"Namba ya mzigo."

"N'mekusalimu."

Kijana akainua macho. "Salama, shosho. Namba?"

Bi Ruweida akampa simu. Shosho ni nyanya kwa watu wa bara, naye si shosho wa kijana huyu, lakini haja ilikuwa yake. Dancan akaandika, akasoma, akaugeuza uso wa kompyuta kidogo kana kwamba una siri.

"Mzigo upo. Ni wa Zein Khubaib Zein. Wewe ni Zein?"

"Ni mume wangu."

"Aje yeye na kitambulisho."

"Hawezi kuja."

"Mgonjwa?"

"Yuko Kikowani."

"Si mbali hapo. Apande boda, atafika kabla tufunge saa saba."

Mpagazi mmoja, mzee Kitsao, aliyekuwa amekaa juu ya toroli lake mlangoni, akasema kwa sauti, "We mtoto! Kikowani ni makaburini."

Masikio ya Dancan yalibadilika rangi. Kwa nukta moja alionekana kama mtoto wa mtu. Kisha akashika tena kanuni zake, kama mtu aliyeteleza akashika ukuta. "Pole, mama. Lakini jina la mzigo lazima lilingane na kitambulisho. Ilete hati ya kifo, ile halisi, na cheti cha ndoa, na barua ya chifu kwamba wewe ndiye mkewe."

"Ni uzi, mwanangu. Uzi wa sikio la mtoto. Mrefu hivi." Akampimia kwa vidole.

"Naelewa. Na kutoka leo kuna ada ya ghala, mia nne kwa siku."

"Ada ya kukaa?"

"Ndiyo."

"Uzi mrefu hivi wakaa mia nne kwa siku? Mimi nina chumba juu chenye dirisha, hakinipi hiyo."

Nyuma yake mwanamke mnene aliyefunga kitambaa chekundu alicheka, lakini cheko lake lilikuwa la hasira. "Mama, wewe una uzi. Mimi nina viatu pea sitini. Nimekuja mara ya nne. Leo wanasema kuna pea moja ina taa kwenye soli, eti taa ina betri, eti betri ni hatari. Viatu vya mtoto! Jina langu Nekesa. Ukichoka kulia uje ukae hapa kando yangu."

"Silii," Bi Ruweida akasema.

"Bado," Nekesa akamjibu, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

*

Hati ya kifo ilikuwa ndani ya Msahafu. Cheti cha ndoa kilikuwa kimeliwa na mchwa pembe moja, lakini majina yalisomeka. Iliyosumbua ni barua ya chifu. Jumanne chifu alikuwa mkutanoni. Jumatano alikuwa kwenye mkutano wa kuzungumzia ule wa Jumanne. Alhamisi alipatikana, akamuuliza Bi Ruweida mbele ya watu kumi kama hakuolewa tena baada ya Zein, ana hakika, na kama Zein hakuwa na mke mwingine bara, ana hakika. Mwanamke wa miaka sitini na tatu alisimama akajibu maswali ya kitanda chake ili apewe uzi. Muhuri ukapigwa.

Siku hizo zote Mwanaesha alikwenda shule akarudi. Alianza kupoteza maneno. Si kwamba aliyasahau. Aliacha kuyatumia, kama mtu anayeacha kupita njia yenye giza. Badala ya kusema alionyesha kidole. Alhamisi jioni nyanya yake alimwandikia kitendawili kwenye karatasi: Hupita kila chumba, haagi wala habishi hodi. Mtoto alikisoma, akaichukua kalamu, akaandika chini yake: harufu ya achari. Lakini hakucheka, na "tega" hakusema.

Bi Ruweida akaikunja ile karatasi akaitia kifuani.

*

Ijumaa ya tarehe kumi na nne alifika Shimanzi kabla ofisi haijafunguliwa. Nekesa alikuwa ameshafika. Mzee Kitsao aliwasalimia wote wawili kwa kuinua kofia.

Dancan alizipokea karatasi zote akazipanga. Alikuwa na adabu zaidi siku hiyo, alisema "shikamoo." Lakini akaingia ndani, akakaa, akatoka na meneja, Bwana Barnabas, mtu mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na mwenye haraka.

"Mama, nimeona hati zako. Ni nzuri. Tatizo ni kwamba akaunti ni ya marehemu. Marehemu hawezi kuidhinisha mtu mwingine achukue. Hapo inabidi upate barua ya mahakama ya kadhi kuhusu urithi."

"Urithi wa uzi?"

"Wa mzigo. Sheria ya kampuni. Halafu kuna ada ya bidhaa hatari, elfu moja mia nane, kwa ajili ya sumaku. Na ghala linaendelea."

"Leo ni Ijumaa. Jumatatu mtoto apelekwa bara."

"Nakuelewa kabisa, mama. Kosa si letu. Ni nyinyi mlioandika jina la mtu ambaye hayuko."

Watu waliokuwa karibu na Bi Ruweida walidhani sasa atalia, na Nekesa alikuwa ameshainuka kwenye benchi amshike. Lakini alichofanya ni kuweka mkoba wake juu ya kaunta, polepole, kama mtu anayeweka sinia mezani, akasema:

"Kitendawili."

Bwana Barnabas akapepesa macho. Nyuma ya mwanamke yule, kabla mtu hajapata muda wa kufikiri, foleni nzima ikaitika kwa kinywa kimoja, Nekesa na mzee Kitsao na wenye wigi na wenye vipuri vya magari, vinywa vyote vilivyofundishwa utotoni:

"Tega!"

"Nina mtumishi wangu. Namlipa kila siku ili asinifanyie kazi."

"Serikali!" mtu akapaza sauti mlangoni. Watu wakacheka.

"Si serikali."

"Shemeji yangu!"

"Namuonea huruma, lakini si yeye. Bwana Barnabas, wewe wasemaje?"

"Mama, hapa ni kazini."

"Basi umeshindwa. Nipe mji."

"Nikupe nini?"

"Mji, bwana!" Nekesa akadakia. "Ukishindwa unatoa mji! Hukusoma darasa la pili?"

Meneja aliona watu wanacheka akadhani mambo yamekuwa mepesi. Akatabasamu. "Haya, chukua Nairobi."

"Sitaki Nairobi," Bi Ruweida akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo tena. "Nataka mzigo wangu. Na jibu ni hilo godauni lako. Kila siku nawalipa mia nne, na kila siku mwaniambia nenda. Wenye kuuza walikataa kuleta kwa kuwa sisi ni wa huku. Haya, twakaa huku, hatukuchagua. Tukapita kwenu mlango wa nyuma, mkapokea pesa. Zile pesa hamkuuliza ni za aliye hai au za maiti. Jina la Zein lilikuwa zuri siku ya kulipa. Limekuwa bovu siku ya kutoa! Na nyinyi mkamtumia ujumbe, ndugu Zein, karibu. Karibu yenu ndiyo hii?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Kitsao alisema "Ehe," basi.

Ndipo Dancan, ambaye alikuwa akiitazama kibodi yake kama imeandikwa jina lake, aliposema kwa sauti ndogo, "Bwana Barnabas, si kuna ile fomu ya mrithi?"

"Fomu gani?"

"Ile ya kijani. Hati ya kifo na sahihi, inatosha. Iko kwenye droo."

Nekesa akasogea hadi kwenye kioo.

"Fomu iko kwenye droo?" Nekesa akauliza. "Tangu lini?"

Dancan hakumtazama meneja wake. "Tuliambiwa tusizitoe mpaka mtu aulize."

"Mtu aulize!" Nekesa akapiga kaunta kwa kiganja. "Mtu ataulizaje kitu asichokijua? Na hizo siku zote mia nne zinaingia! Na mimi je, viatu vyangu vina fomu ya rangi gani? Fungua hiyo droo, tuione yote!"

Foleni ikasonga mbele kwa pamoja. Bwana Barnabas alisema neno kuhusu utaratibu, halafu neno kuhusu polisi, halafu akaona nyuso zilizo mbele yake, akasema, "Dancan, mjazie mama," akarudi ndani akafunga mlango.

Fomu ilikuwa na mistari sita. Ilijazwa kwa dakika nne. Bi Ruweida alihesabiwa ada ya ghala na ada ya hatari, akalipa zote, maana mlango ukifunguliwa na mtu wa aina ile huendi ukajadiliana naye kizingitini. Dancan aliuleta mfuko mdogo usiozidi ukubwa wa bahasha. Akashika kalamu nyekundu akaanza kulikata jina la Zein.

"Usimkate," Bi Ruweida akasema. "Andika langu kando yake."

Kijana akaandika kando yake. "Mama," akasema alipompa, "nisamehe ile ya boda."

"Kwenu wapi?"

"Bungoma."

"Una nyanya?"

"Ninaye."

"Mpigie simu leo," akamwambia, akatoka. Nyuma yake alimsikia Nekesa akisema, "Sasa ya viatu!"

*

Waliufungua baada ya magharibi, wote watatu mezani, Mwanaesha akiwa amepiga magoti juu ya kiti. Ndani mlikuwa na uzi mpya, mweupe, na kile kidude cha duara. Khubaib akakichukua akamtilia mtoto nyuma ya kichwa. Kikaanguka. Akakitia tena. Kikaanguka tena mezani, kama kifungo.

Katikati ya kidude palikuwa na tundu tupu. Na chini ya mfuko mlikuwa na kikaratasi. Khubaib akakisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kukisoma kwa sauti. Kilisema kuwa sumaku imetolewa kwenye godauni la Uingereza, kwa sababu sumaku haziruhusiwi ndani ya ndege.

"Waliitoa huko?" Bi Ruweida akauliza.

"Huko huko. Kabla haijapanda."

"Na elfu moja mia nane ya leo, ya hatari ya sumaku?"

Bi Ruweida alisimama, akakaa, akasimama. Kuna hasira inayotoka kwa matusi, na ipo ile isiyopata neno la kuivaa. Alikuwa amelipia hatari ya kitu ambacho hakikuwepo. Alikuwa amesimama mbele ya chifu. Khubaib alikuwa ameukunja mkono ngumi, na ngumi hiyo haikuwa na mahali pa kwenda. Aliyeitoa sumaku yuko upande wa pili wa dunia, na aliyetoza ada amelala kwake Nyali, mtaa wa matajiri.

"Nitakwenda kesho," Khubaib akasema. "Wallahi nitakwenda, na nitavunja kile kioo."

"Utakwenda ukafungwa, na Jumatatu tuwe tumepoteza wawili."

Walikuwa wakizozana hivyo, mama na mwana, hata hawakuona kuwa kiti cha mtoto kiko tupu. Mwanaesha alikuwa ameshuka. Hakusikia kikaratasi kilichosomwa, wala ugomvi. Alichoona ni tundu. Alikwenda jikoni akarudi na kopo la sukari amelikumbatia, na juu ya kifuniko chake kidude cha zamani kilikuwa kimenata pale pale alipokiacha wiki nne zilizopita. Akakibandua. Akakishika kwa vidole viwili, kama alivyomwona mhudumu wa kliniki akifanya, akazungusha kile cha katikati, kidogo tu, kama kifuniko cha chupa ya achari. Kikatoka. Kikasema tik kwenye meza, kipande cheusi kisichozidi senti.

"Yatoka," akasema, kwa sauti yake ya kupanda na kushuka.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana.

Uzi ndio uliokatika. Sumaku ilikuwa nzima siku zote, imekaa juu ya sukari. Khubaib aliichukua, akaitia kwenye tundu jipya, akazungusha. Akaunganisha uzi, akatia betri. Bi Ruweida aliusogeza ushungi mdogo wa mtoto akakiweka kidude nyuma ya kichwa, na safari hii kilinata.

Walingoja. Huko nje muuza kahawa alikuwa akipita, akigonganisha vikombe vyake.

Mwanaesha akageuza kichwa dirishani.

"Nyanya," akasema, na sauti yake ikakaa sawa. "Muiteni. Baba yuwataka kahawa."

*

Jumatatu Mwalimu Awiti alisimama nyuma ya mtoto akanong'ona jina lake, mara moja tu, na mtoto akageuka. Mwalimu akaichana nakala yake ya ile barua vipande viwili, akavitia mfukoni, akaenda kumweleza mkuu wake. Darasani kiti cha Mwanaesha kilibaki cha Mwanaesha.

Jioni walikuwa kwenye ngazi ya mlango. Bi Ruweida alikuwa amechoka. Alikuwa ameshinda posta, sanduku liandikwe jina lake pamoja na la Zein, na posta nayo imempa orodha ya karatasi za kuleta. Alikuwa bado anaitafuna hasira ya orodha hiyo mtoto alipomgusa goti.

"Kitendawili."

Nyanya akageuka kama aliyeitwa kutoka mbali. "Tega."

"Wakubwa wamuogopa. Mimi namlaza kichwani."

Bi Ruweida alilijua jibu kabla sentensi haijaisha. Alitazama juu, akajikuna kidevu, akataja paka, akataja chawa, akataja mwalimu mkuu. Mwanaesha akatikisa kichwa kila mara, kidude kikimetameta kwenye taa ya mlango.

"N'meshindwa," nyanya akasema. "Wataka mji gani?"

"Nipeni Shimanzi."

"Shimanzi! Shimanzi pana nini cha kutakwa? Haya, nakupa. Umekwenda Shimanzi..."

"N'mekwenda Shimanzi," mtoto akaanza, kwa sauti ya kujidai waliyo nayo watega vitendawili wote, "n'mefika, n'mewaambia assalaam alaykum, wameitika. N'mefungua droo zote. N'meita majina ya watu, walio hai na walio Kikowani, kila mtu akachukua chake. Yule mama wa viatu pia. Jibu ni sumaku."

"Na milango ya magodauni? Ulipotoka uliifunga?"

Mwanaesha akafikiri. Huko chini, upande wa bandari, lori lilipiga honi, naye akaigeukia akaisikiliza mpaka ikaisha.

"Sikuifunga," akasema.